Mrija Mdomoni

"Akilewa, ni yeye ama si yeye?"

Baba mkubwa aliniuliza swali hilo mbele ya watu kama ishirini, nyumbani kwetu Chakol, alasiri moja ya Desemba nikiwa mwaka wa tatu chuo kikuu. Aliuliza kwa upole, mrija wake mrefu mkononi. Alikuwa ameutoa mdomoni kidogo tu ili apate nafasi ya kuuliza. Wote walinigeukia. Dada yangu, ambaye kikao kiliitishwa kwa ajili yake, alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni. Mkono wa kushoto alikuwa ameulaza mapajani, kidole cha kati kimefungwa kwa kijiti na kipande cha kitambaa cha buluu, kitambaa cha sare za shule alizokuwa akizishona kabla kidole hakijavunjwa. Nilikuwa nimesoma saikolojia mihula mitano. Nilikuwa na daftari zima kuhusu pombe na hasira.

Dada ananizidi miaka sita. Yeye ndiye aliyenilipia karo ya kidato cha nne baada ya baba kufariki, akishona hadi vidole vikaota sugu. Aliolewa Malaba na mwanamume mmoja mwenye sauti ndogo, anayewasaidia madereva wa malori kufuatilia karatasi zao za forodha. Miaka miwili ya kwanza hatukusikia neno. Mwaka wa tatu yakaanza makofi, na kila kofi lilifika Chakol likiwa limeshapata maelezo: alikuwa amelewa. Novemba hiyo akamkunja kidole hadi kikalia. Dada akaja nyumbani na mfuko mmoja, na siku hiyo ya kikao watu wa pande mbili walikuwa wamekutana kuamua kama arudi au abaki.

Nataka kueleza kikao kilivyokaa, kwa sababu hadi leo nikikikumbuka damu inanichemka. Kikao kiliitwa kwa ajili ya pombe, na kilikuwa na pombe. Uani, chini ya maturubai, kulikuwa na vyungu viwili vya ajon, pombe yetu ya wimbi. Kimoja kilikuwa cha wazee wetu, kingine cha wageni wetu, kwa maana kwetu mkwe hanywi chungu kimoja na watu wa mkewe. Desturi hiyo ililindwa barabara. Mama alihakikisha vyungu vimetengana hatua kadhaa na kila kimoja kina birika lake la maji moto ya kuongezea chunguni. Mtu angekosea akanyoosha mrija kuelekea chungu cha upande wa pili, angeaibika hadi kaburini. Lakini kumvunja mtu kidole, hilo lilihitaji mjadala.

Kwa asiyejua: wazee huketi duara kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake, mrefu kuliko mtu mwenyewe, na ncha ya ndani ina kichujio kidogo cha kuzuia machicha. Mrija wa mtu ni wake, kama mswaki. Mtu anaketi, anautia chunguni, anauweka mdomoni, na anaweza kukaa hivyo tangu mchana hadi jua lizame, akizungumza huku mrija umening'inia kwenye pembe ya midomo kana kwamba aliumbwa nao. Baba yangu aliketi hivyo karibu kila Jumapili ya utoto wangu. Akilewa alikuwa anaimba. Aliwaimbia ndama, akawaomba msamaha kuku aliowakanyaga njiani, akalala na viatu. Hakuwahi kutugusa. Kwa hiyo tangu utotoni nilikuwa na ushahidi kwamba chungu kile kile hutoa watu tofauti, na sikuelewa mbona hakuna mwingine aliyeuona.

Wiki moja kabla ya kikao nilikwenda Malaba kuchukua cherehani ya dada. Nilikwenda na hasira, na hasira yangu ina tabia ya kutaka kupima vitu. Nilianzia kwenye nyumba ya chungu anakokunywa shemeji, kibanda cha mabati nyuma ya maegesho ya malori, kinachoendeshwa na mama mmoja mnene, mchapakazi, asiyecheka ovyo. Kutoka hapo nilitembea hadi mlango wa nyumba ya dada, nikihesabu kila mtu ambaye shemeji humpita akitoka kunywa. Madereva wanaopika ugali katikati ya magurudumu. Askari wawili kwenye kizuizi. Kijana wa kuziba pancha. Mwenye nyumba, ambaye hukaa kibarazani na redio. Mama wa mihogo ya kukaanga. Watu kumi na wanane, na sijahesabu waliokuwa wakipita tu. Nilimuuliza mama wa mihogo kama anamjua shemeji yangu.

"Huyo? Huyo ni mtu mzuri sana, dada. Kila jioni ananisalimia. Hata akilewa hasumbui mtu."

"Utajuaje kama amelewa?"

"Si anatoka kwa chungu?" Alinipa muhogo kwenye karatasi, akaongeza chumvi bila kuulizwa. "Ningekuwa na bwana kama huyo mimi ningeshukuru Mungu."

Nilikula muhogo ule nikiona moto. Watu kumi na wanane! Pombe ilimpitisha salama kwa watu kumi na wanane, wengine wakiwa na bunduki, ikamfungulia mlango, ikamchagulia mtu mmoja ndani, na ndani ya mtu huyo ikachagua mkono anaoshikia kitambaa anaposhona. Pombe gani yenye akili hivyo?

Hiyo ndiyo hoja niliyoingia nayo kikaoni. Niliona imekamilika.

Shemeji aliulizwa kwanza. Alisimama na kofia mkononi. Alikuwa amekonda kuliko nilivyomkumbuka, shati limemvaa yeye badala ya yeye kulivaa, na nikafikiri, vizuri, dhamiri inamla.

"Wazee wangu," akasema, "mimi sikatai. Lakini sikumbuki kitu. Hiyo kitu ikishanishika, mimi si mimi. Naomba mnisaidie."

Wazee wa pande zote mbili waliguna kwa huruma. Nasema huruma kwa sababu niliiona. Mjomba wake, mzee mwenye koti kubwa, alitoa mrija mdomoni na kusema hawa watoto shida yao ni moja tu, pombe, tukiondoa pombe nyumba imepona. Baba mkubwa akatikisa kichwa kukubali, kisha akavuta pombe.

Halafu dada. Aliongea akitazama mkeka.

"Alikuwa amelewa," alisema.

"Alikuwa anayumba?" aliuliza shangazi yetu.

"Sijui."

"Alikuwa ananuka?"

"Shati lilikuwa linanuka pombe. Alikuwa ametoka kwa chungu."

"Aliongea maneno ya ulevi?"

"Hakuongea. Niliuliza kama atakula sasa ama baadaye. Akanishika mkono." Alikivuta kile kitambaa cha buluu kidoleni. "Nilijua amelewa kwa sababu alinivunja. Akiwa hajanywa hawezi kunifanyia hivyo."

Nilisikia sentensi hiyo. Niliketi hatua tatu kutoka kwake, nikiwa na masikio mawili mazima na elimu niliyokuwa nikijivunia, na nikaiacha ipite.

Shahidi wa mwisho alikuwa mama wa chungu, yule wa kibanda cha mabati. Mjomba wa shemeji ndiye aliyemleta kutoka Malaba, ili athibitishe kwamba kweli kijana wao alikuwa amekunywa siku hiyo na kosa si lake peke yake. Baba mkubwa alimuuliza.

"Mama, siku hiyo kijana alikuwa kwako?"

"Alikuwa kwangu."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa nane. Akatoka saa kumi na mbili."

"Alikuwa kwa chungu?"

"Alikaa kwa chungu na wenzake."

"Na mrija?"

"Mrija ulikuwa mdomoni."

"Basi," baba mkubwa akasema, akapiga goti lake kofi. "Masaa manne."

Mama wa chungu alirudi kuketi. Alinitazama, au nilihisi hivyo, na mimi nikamkazia macho ya lawama kwa sababu nilimwona kama muuza sumu. Yeye niliyekuwa namtazama kwa dharau ndiye aliyekuwa na jambo lote tumboni mwake.

Zamu yangu haikuwepo. Wasichana wasioolewa hawana zamu katika kikao cha namna hiyo. Nilisimama tu.

"Shemeji," nikasema, "siku hiyo kwa barabara ulipita polisi?"

Alishtuka. "Nilipita."

"Uliwapiga?"

Kuna mtu alicheka. Shemeji akasema hapana.

"Mwenye nyumba ulimpiga? Ama ulimsalimia?"

"Nilimsalimia."

"Kwa hivyo kwa mwenye nyumba ulikuwa wewe, halafu ukivuka mlango wako ukawa si wewe. Ulibadilikia wapi hasa? Kwa kizingiti?"

Kicheko kilipanda, hata kwenye chungu cha wageni. Kwa dakika moja niliamini nimeshinda. Kisha mjomba wa shemeji akanyoosha mrija wake kuelekea kwangu kama mwalimu mwenye fimbo.

"Na huyu wa chuo ataolewa na nani? Atamuuliza bwana maswali mpaka akimbie Uganda."

"Heri akimbie na vidole vyake vyote, mzee," nikasema.

Mama akaniita kwa sauti ya chini niketi. Hapo ndipo baba mkubwa aliponiokoa, au alipodhani ananiokoa. Aliinua mkono watu wanyamaze.

"Muacheni. Tumemsomesha ili atusaidie. Mwanangu, hayo mambo ya akili si ndiyo unasomea? Tuambie basi. Akilewa, ni yeye ama si yeye?"

Ningesema ni yeye, maana yake tumemwoza mtoto wetu kwa mtu mkatili, na ndoa inavunjika hapo hapo, pamoja na hadithi ya ng'ombe wa mahari waliokuja na waliokwisha kuchinjwa. Ningesema si yeye, basi mkosaji ni chungu. Hakuna aliyekuwa akiniuliza kwa udadisi. Walitaka mlango mmoja, wapitishe watu wote wawili ndani yake, waende zao nyumbani.

Nami kichwani nilikuwa na daftari. Mhadhiri wetu alitufundisha kwamba pombe hubana macho ya akili: mlevi huona kilicho karibu na kikali, lakini kilicho mbali, kama aibu ya kesho, hakioni. Alitufundisha pia kwamba imani ina nguvu zake. Mtu akiambiwa amekunywa pombe, hata kama hakunywa, anaweza kuanza kutenda kama watu wa kwao wanavyoamini walevi hutenda. Nilikuwa nimeyapigia mistari maneno hayo kwa wino mwekundu. Jibu lilikuwa humo, au angalau mlango wake. Nikafungua mdomo.

"Inategemea, baba mkubwa."

Mjomba wa shemeji akarudia, polepole, "Inategemea."

"Kumbe serikali inalipa watu wasomee inategemea," mzee mwingine akadakia, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata mama alicheka, kwa kuwa alikuwa amechoka kuogopa. Niliketi. Uso uliniwaka. Niliyaona macho ya dada na sikuona hasira humo. Niliona amefarijika. Alikuwa ameogopa kwamba nitasema ni yeye.

Hilo nilichelewa kulisamehe. Nilimkasirikia dada yangu mwenye kidole kilichovunjika kwa kutaka mumewe awe mtu mzuri aliyeharibiwa na kinywaji. Leo naona alichokuwa akikilinda. Kama ni pombe, basi yule mwanamume mpole aliyemwoa bado yupo mahali fulani, anangoja kutolewa. Kama si pombe, hakuwahi kuwepo.

Uamuzi ulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha birika jingine. Shemeji hatagusa chungu tena. Mjomba wake akatoa wazo kwamba mrija wake uvunjwe hadharani. Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo likifanywa, wazee wawili waliulizana kama ni desturi na wakakubaliana kwamba sasa itakuwa. Shemeji akaenda kuuchukua kwenye pikipiki, alikokuwa ameufunga. Akaupiga kwenye goti mara moja, mara mbili. Mrija ni mti mwororo, hauvunjiki kwa fahari, ulikunjamana tu na kupasuka nyuzinyuzi hadi akausokota kwa mikono ukakatika. Akina mama walipiga vigelegele. Shangazi alilia. Kisha wazee waliobaki na mirija yao wakaongezewa maji moto, na dada yangu akaingia ndani kufunga mfuko wake.

Nilimsaidia kufunga. Nikamwambia, "Usiende."

"Wamevunja mrija," alisema. "Ulitaka wavunje nini tena?"

Akapanda pikipiki nyuma ya mumewe, ameshika mfuko kwa mkono mmoja. Cherehani niliyoileta wiki moja kabla ikafuata kesho yake, juu ya gari la mtu wa Nambale aliyekuwa akipeleka mahindi mpakani.

Nilirudi chuoni na aibu yangu, na hapa lazima niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu wa nyumbani. Mwezi wa kwanza, tulipofungua muhula, tulikunywa bwenini. Mimi na wenzangu wanne, pombe kali kwenye chupa ndogo, kwa sababu hakuna iliyo rahisi kuficha kama hiyo. Tulipokwenda kuchota maji, msimamizi wa bweni alinitukana, akaniita mlevi mbele ya watu. Nikamwambia, "Pole, mama." Nikapanda ngazi. Chumbani, mwenzangu wa chumba, msichana mpole wa kwenda kanisani, akaniuliza kama nimeona taulo yake. Nikampiga kofi.

Asubuhi nikamwambia, "Ni pombe, jamani. Si mimi."

Akasema, "Najua." Akanitengenezea chai.

Nilikunywa chai ile bila kumtazama, kwa maana nilikumbuka. Nilikumbuka kila kitu. Nilikumbuka kwamba mkono ulipokuwa unapanda, sehemu fulani yangu, ndogo na tulivu kama karani, ilikuwa inajua kwamba huyu hatanirudishia. Ngazi nzima niliibeba hasira ya msimamizi, nikaitua kwa mtu mdogo kuliko mimi. Pombe ilikuwa imefanya kazi yake, sikatai, iliizima hofu na kuifupisha njia. Lakini aliyepiga alikuwa mimi. Nilikuwa nimepata jibu la swali la baba mkubwa, mwezi mmoja baada ya kuhitajika, na nilikuwa nimelipata kwa shavu la mtu mwingine. Niliandika ujumbe kwa simu kumtumia baba mkubwa: Ni yeye. Nikaufuta. Nilijiambia nitamweleza vizuri nikienda likizo.

Februari, dada alinipigia simu kutoka hospitalini Busia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Ni mkono wa kulia," alisema. "Kwenye kifundo. Wanasema umevunjika mahali pawili."

"Amerudi kwa chungu?"

"Hajarudi. Wallahi hajarudi. Hata jioni siku hizi anakaa nyumbani."

Hakukuwa na shati linalonuka wala mrija. Shemeji alikuwa amerudi kutoka kazini mchana, akakuta dada anamhudumia mteja, dereva aliyetaka suruali ipunguzwe, akangoja dereva aondoke. Alingoja, dada alilirudia neno hilo. Akaketi kwenye kiti cha wateja hadi dereva akalipa, akaaga na kuvuka barabara. Kisha akasimama.

Nilimpigia baba mkubwa nikiwa nimesimama kwenye korido ya maktaba, nikipaza sauti hadi mlinzi akaja. Nilidhani safari hii hatakuwa na pa kujificha.

"Mwanangu, tuliza roho," alisema. "Hizo ni hasira za kuachishwa. Mwili ulizoea, sasa unadai. Hata mtoto ukimwachisha ziwa analia."

"Mtoto akiachishwa ziwa humvunja mama yake mkono?"

"Wewe na maswali yako."

"Akinywa ni pombe. Asipokunywa ni pombe. Sasa yeye mwenyewe ataanza lini, baba mkubwa?"

Alikata simu. Hatujawahi kuzungumza vizuri tangu siku hiyo. Watu huniambia nimezidisha, kwamba mzee alikuwa akitafuta amani kwa akili aliyonayo. Inawezekana. Lakini akili hiyo hiyo ilijua kutenga vyungu viwili kwa hatua kadhaa.

Dada hakungoja kikao cha pili. Alitoka hospitalini na plasta hadi kiwiko, akapanga chumba Busia mjini, na mama akatuma mtu amletee cherehani yake kutoka Malaba. Mkono ulipona umepinda. Kushona anashona, ila kukata kitambaa kwenye mstari hawezi tena. Mkasi unamkimbia. Amemwajiri msichana wa kumkatia, na kila anapomtazama akikata, mimi hutazama pembeni. Shemeji nasikia alivuka mpaka, ana mke mwingine huko. Na dada, hadi mwaka jana, ukimuuliza kilichotokea, angekujibu kwa maneno yale yale: "Alikuwa mtu mzuri. Pombe ilimharibu."

Nilikuwa nimemwachia imani hiyo. Miaka minne imepita, mimi nimemaliza chuo, nafanya kazi za muda za hapa na pale, na siku ambazo sina kazi humlindia dada kibanda chake akienda kununua vitambaa. Siku moja asubuhi, alipokuwa ameondoka, alikuja mama mmoja na gauni la kurekebishwa. Alikuwa amepungua mwili na kuzeeka, lakini nilimtambua kwa vile alivyokuwa hacheki ovyo. Alikuwa mama wa chungu. Ameacha kupika pombe, aliniambia, magoti yamekataa moshi, sasa anauza nyanya upande wa pili wa soko. Hakujua kibanda ni cha nani. Nilipomwambia, alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa, akalaza gauni mapajani.

"Mkono wake ulipona?" aliuliza.

"Umepinda."

Alilikunja gauni, akalikunjua.

"Yule kijana alikuwa na kifua," akasema. "TB. Hakutaka mtu ajue, hata dada yako. Dawa zake alikuwa ameziacha kwangu, kwa mkebe wa majani chai. Kila asubuhi anapitia, anameza na maji yangu ya moto, anaenda kazi. Hospitali walimwambia asiguse pombe mpaka amalize."

"Lakini alikuwa anakuja kwa chungu."

"Angeacha kuja wangemuuliza sababu. Wakijua ana kifua, nani atakaa na yeye chungu moja? Na mimi nani angerudi kwangu?" Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Alikuwa anakaa na wenzake, mrija mdomoni. Lakini havuti. Mtu akishika mrija, wewe utajuaje kama anavuta?"

"Ulisimama mbele yetu," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imepanda, msichana wa kukata akaacha mkasi. "Tulikuuliza!"

"Mliniuliza kama alikaa kwa chungu. Alikaa. Mkaniuliza mrija. Ulikuwa mdomoni." Alisimama, akaniwekea gauni mezani. "Wewe ulikuwa na maswali mengi siku hiyo, mwanangu. Nilikuwa nangoja uniulize hiyo moja."

Nilimuuliza alianza lini kumeza dawa.

Alianza mwezi wa nane, akamaliza mwishoni mwa mwezi wa pili. Kidole cha dada yangu kilivunjwa Novemba. Mkono ulivunjwa Februari, mkebe wa majani chai ukiwa umebakiza vidonge vya siku tisa.